Ndiyo, naosha madirisha

Dogo, umeniuliza kwenye grupu la familia mbele ya wajomba wote eti "kaka, ni kweli una digrii halafu unaosha madirisha ya wazungu?" Basi nakujibu hapahapa ili na wanaocheka chinichini wasome.

Ni kweli. Niko Leicester, Uingereza, nilianza kwa kubeba boksi kwenye ghala usiku, mgongo ukagoma, nikanunua ngazi na ndoo nikaanza kubisha hodi mlango kwa mlango kama machinga wa Kariakoo, wengi wananifungia hata salamu sijamaliza. Sasa hivi nina nyumba kama 160, nyingine kila wiki 4 nyingine kila wiki 8, nyumba ya kawaida paundi 12 mpaka 15, siku ikikaa vizuri napiga nyumba 14. Ila usianze kuzidisha kwa hela ya Bongo, subiri kwanza.

Siku hizi ngazi sipandi sana, natumia brashi ya mpini mrefu inayopitisha maji, na maji yenyewe nayachuja nyumbani mpaka yabaki hayana chumvi wala chokaa, kipimo lazima kisome 000, ndo maana kioo kinajikaukia chenyewe bila doa hata usipofuta. Mteja mgeni akiona umeondoka kioo kinachuruzika anajua ushamuibia.

Sasa machungu. Desemba na Januari saa kumi jioni giza linaingia, maji yanakuingia kwenye mkono wa koti, vidole huvisikii. Majuzi kati niliteguka mkono kwenye ile ngazi, wiki 5 sijashika brashi, na huku ukijiajiri ukiumwa hakuna mwajiri wa kukulipa, na wiki hiyohiyo mtu (simtaji, anajijua) ananiandikia "bro nirushie hata laki mbili". Halafu kodi. Paundi 12,570 za mwanzo kwa mwaka hawazikati kodi ya mapato, zinazozidi unajihesabia mwenyewe unalipa mwisho 31 Januari, mie mwaka wa kwanza nilikula zote, kumbe bili ikizidi kiwango fulani wanataka na nusu nyingine ya bili hiyo juu kwa juu, kama malipo ya awali ya kodi ya mwaka unaofuata! Nilikopa.

Na hii ya watu kusema eti nimejiajiri sina bosi ni uongo, ninao 160. Wengine ukienda kudai paundi 12 unaona kabisa pazia linacheza ila mlango haufunguliwi.

Raha zipo lakini. Saa tisa namfuata mtoto shule, haombwi mtu ruhusa. Na kuna bibi mmoja wa Kihindi, ni wale waliofukuzwa Uganda na Amin 1972, siku ya kwanza maji yaliniingia kwapani nikalalama kwa Kiswahili kwa sauti, dirisha likafunguka: "Pole baba, maji ya baridi sana?" Nilitaka kuangusha brashi. Sasa nikienda kwake chai ya tangawizi lazima, na anabishania bei kama yuko sokoni Kampala.

Ukija kwa viza ya mwanafunzi hii kazi usiiguse, kujiajiri hairuhusiwi, watakurudisha. Karatasi zako zikiwa sawa niambie, ngazi yangu bado ipo nyuma ya nyumba, ila kipandio cha tatu kinacheza.