Anza na Mstari wa Mwisho: Majibu kwa Wanaoanza Python

Barua za safari hii ni nyingi na nimezisoma zote. Karibu kila moja ina sentensi ileile: "Mwalimu, imekataa." Imekataa vipi? Imesema nini? Hapo barua inanyamaza, ilhali Python yenyewe, lugha hii ya kuandikia programu za kompyuta, haikunyamaza. Iliandika kosa ni lipi na liko mstari wa ngapi. Kwa hiyo naanza na barua ya binti mmoja aliyefanya tofauti na wengine: alinakili kila kilichotokea kwenye skrini.

Shikamoo mwalimu. Nimeandika programu fupi inayomuuliza mtu umri wake, halafu inamwambia mwakani atakuwa na miaka mingapi. Nikijaza 24 yanatoka maandishi mekundu ya kutisha. Nimefuta na kuandika upya mara tano, ni yaleyale. Nimekuwekea yote hapa chini. (Mwanafunzi wa sekondari)

Marahaba mwanangu, na ahsante sana kwa kunakili yote. Programu yako ni hii:

```
umri = input("Una miaka mingapi? ")
print(umri + 1)
```

Na Python ilikujibu hivi:

```
Traceback (most recent call last):
  File "umri.py", line 2, in <module>
    print(umri + 1)
TypeError: can only concatenate str (not "int") to str
```

Anza kusoma chini, kwenye mstari wa mwisho. Neno lililotangulia nukta mbili ni aina ya kosa. Hapa ni TypeError, yaani umekutanisha vitu vya aina mbili visivyopatana. Maelezo yanayofuata yanasema kwamba maandishi huungwa na maandishi wenzake tu, hayaungwi na namba. Sasa panda juu kidogo: utaona kipande chenyewe cha programu, na juu yake jina la faili na namba ya mstari, wa 2. Umeshajua kosa ni lipi na liko wapi. Kufuta na kuandika upya hakukusaidia kwa sababu kila mara ulirudisha kitu kilekile, na mwandiko wako haukuwa na tatizo.

Limebaki swali la kwa nini. Ni kwamba input hurudisha maandishi siku zote, hata mtu akibonyeza tarakimu tupu. Hiyo 24 uliyojaza, kwa Python ni alama ya 2 ikifuatwa na alama ya 4, kama namba iliyochorwa mlangoni: inasomeka, lakini haijumlishwi na kitu. Igeuze iwe namba kweli:

```
umri = int(input("Una miaka mingapi? "))
```

Ikishakubali, ijaribu kwa makusudi. Jaza "ishirini na nne" kwa maneno. Itakuja ValueError, na mstari wa mwisho utakuonyesha maneno yenyewe yaliyoshindikana kugeuzwa namba. Jaza na 12.5 uone, hilo nalo int hailipokei likija kama maandishi, linataka float, ya namba zenye desimali.

Nikuambie pia kinachoniogopesha mimi kuliko maandishi mekundu. Ungekuwa umeomba namba mbili, mtu akajaza 15 na 27, ukazijumlisha bila int, Python isingelalamika hata kidogo. Ingeyaunga maandishi mawili ikakupa 1527, na programu ingeendelea na safari yake. Kosa linalopiga kelele utalirekebisha leo. La kimya utaletewa na mtu mwingine, baada ya miezi.

Nina kitabu cha Python 2 nilichopewa na kaka yangu. Nianze nacho au nitafute cha Python 3?

Tafuta cha 3. Toleo la 3.0 lilitoka Desemba 2008, na Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Kitabu cha zamani utakitambua haraka: print imeandikwa bila mabano. Mawazo yake mengi bado ni mazuri, lakini kwa anayeanza, kila mfano unaokataa unamfanya ajione hana akili, kumbe kitabu ndicho kilichopitwa na wakati.

Mwalimu, nimejumlisha 0.1 na 0.2 nikapata 0.30000000000000004. Kompyuta yangu ni mbovu?

Kompyuta yako ni nzima, na ya kwangu inatoa jibu hilohilo. Gawa 1 kwa 3 kwenye karatasi: 0.3333, na hutafika mwisho. Popote utakapokata, umepunja kidogo. Kompyuta inahesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika hesabu hiyo sehemu moja ya kumi nayo haina mwisho. Inabidi ikatwe ili ienee kwenye biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1, na hayo masalio ndiyo uliyoyaona yakichungulia kule mwishoni.

Kwa kuonyesha jibu kwenye skrini, tumia round. Usiulize kama 0.1 + 0.2 == 0.3, maana utajibiwa False na programu itageukia njia usiyoitarajia. Na kama unahesabu fedha za watu, achana na namba hizi kabisa: hifadhi kiasi kwa namba kamili za kipimo kidogo kuliko vyote, au tumia moduli (faili la programu lililoandikwa tayari) ya decimal ukiandika Decimal("0.1"). Alama za kunukuu usizisahau. Ukiandika Decimal(0.1) utakuwa umeibeba namba ikiwa imeshapunjwa.

Nilitengeneza nakala ya orodha ili ya kwanza ibaki salama. Nikaongeza kitu kwenye nakala, na ya kwanza nayo ikabadilika! Naapa sikuigusa. (Fundi umeme anayejifunza usiku)

Naamini hukuigusa, ndugu yangu. Ila nakala nayo hukutengeneza. Tazama ulichoandika:

```
kazi = ["nyaya", "taa"]
nakala = kazi
nakala.append("swichi")
print(kazi)
```

Inatoka nyaya, taa na swichi. Alama ya = katika Python haipigi chapa ya pili. Inakipa kitu jina, basi. Mstari wa pili umeipa orodha ileile jina la pili, kama mtu mwenye jina lake halisi na jina la utani. Ukimnyoa kipara kwa jina la utani, je, mwenye jina halisi atabaki na nywele?

Unapotaka orodha ya pili kweli, sema hivyo:

```
nakala = kazi.copy()
```

Ukiwa na shaka, iulize Python yenyewe: print(kazi is nakala). Ikijibu True, hicho ni kitu kimoja chenye majina mawili. Ikijibu False, ni viwili. Swali la == ni jingine, lenyewe linauliza kama yaliyomo yanalingana, na orodha mbili tofauti zinaweza kulingana kabisa. Jambo hili limewakwamisha wanafunzi wangu wengi kuliko vitanzi (maagizo yanayojirudia) na fanksheni (vipande vya programu vilivyopewa jina), na wengi hujilaumu wakidhani walisahau kitu. Usipite hapa haraka. Kaa nalo jioni moja, chora kwenye karatasi kisanduku kimoja cha orodha na mishale miwili ya majina inayokielekea, mpaka likuingie.

Nikiandika if, mstari wa chini yake unakataliwa: IndentationError. Nimeweka nukta mbili vizuri.

Ingiza ndani mstari huo kwa nafasi nne. Lugha nyingine hutumia mabano kuonyesha kipi kimo ndani ya kipi, ila Python huangalia ukingo wa kushoto. Kitufe cha Tab na cha nafasi usivichanganye kwenye faili moja.

Nafuata mfano neno kwa neno: import random, kisha random.randint(1, 6). Naambiwa random haina randint. Mwenzangu ameandika vilevile na kwake inakubali.

Faili lako umeliitaje? Nina hakika nusu na robo kwamba ni random.py. Unapoandika import, Python hutafuta kwanza kwenye folda ya programu yako kabla ya kwenda kwenye moduli ilizokuja nazo. Ikakuta faili lenye jina hilo, la kwako, ikalichukua, na ndani yake kweli hamna randint. Badilisha jina liwe kete.py na mambo yatakwenda.

Nakujua mahali ulipo maana nimekaa hapo. Nilipokuwa najifunza kuchora kwa moduli ya turtle, faili langu niliita turtle.py, likaniondolea Jumapili nzima. Niliifuta Python na kuiweka upya mara mbili. Jina la faili langu mwenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye ujumbe wa kosa tangu asubuhi, pale ambapo ilipaswa kuwa njia ya kwenda kwenye moduli. Sikulitazama, kwa sababu nilishaamua kwamba ujumbe ule haukuandikiwa mimi. Tangu siku hiyo nausoma wote.

Nimetazama video zaidi ya arobaini. Nikitazama naelewa kila kitu. Nikifungua faili tupu, sijui hata pa kuanzia.

Ulichokielewa ni kazi ya mwenye video. Vidole vyako havijafanya lolote bado, na lugha hii inakaa vidoleni kama inavyokaa kichwani. Wiki hii usifungue video. Andika mchezo mmoja mdogo: programu ichague namba kati ya 1 na 100, mtu akisie, aambiwe "kubwa mno" au "ndogo mno" mpaka aipate. Unahitaji input, int, if, kitanzi cha while na random.randint. Ukikwama, andika kwanza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, nini kitokee, kisha geuza hatua moja moja.

Ikishakubali, ivunje. Ondoa nukta mbili baada ya while, uendeshe, usome. Ziba, kisha ondoa alama moja ya kunukuu. Ziba, kisha andika pirnt badala ya print. Kuanzia toleo la 3.10 Python itakuuliza kama ulikusudia print. Mwisho, iondoe ile hatua ya kutoka kwenye kitanzi mtu akipatia, uone programu isivyokoma, na ubonyeze Ctrl na C kuisimamisha. Kila ujumbe utakaopata uandike kwenye daftari, na mbele yake uandike ulifanya nini hadi ukatokea. Ukurasa huo unitumie, nitausoma.