Panya anakimbia, babu analala: maswali yenu ya wiki

*Shikamoo daktari. Binti yangu anasomea famasi, likizo kaja Masasi anatuambia panya akichomwa mofini anakimbia. Babu yake alichomwa hiyohiyo baada ya upasuaji, akalala mpaka asubuhi. Nani muongo?*

Marahaba mama. Hakuna muongo. Panya wa maabara wa aina ndogo akipata mofini, dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea mwendo, hupanda, naye huzunguka kizimba mbio bila kituo, mkia umesimama na kupinda juu ya mgongo. Mkia huo Mjerumani Walther Straub aliueleza mwaka 1911, ukawa kipimo cha kutambua mofini. Panya wa aina kubwa yuko kama babu: kwanza huganda, mbio huja baadaye. (Wale wa shambani mnaowabanika huko kwenu hawamo kwenye hesabu.)

*Nani anahesabu hizo mbio? Mikindani*

Mashine. Kizimba hupitishwa miale isiyoonekana. Kila panya anapoukata mmoja, namba inaongezeka.

*Unga ndio unaowapa mateja hali ile, au kuna kitu kingine? Nauliza kwa sababu ya mdogo wangu. Lindi mjini*

Pole kaka. Heroini yenyewe haikai. Ndani ya dakika chache mwili huigeuza kuwa asetilimofini, kisha mofini. Panya wakichomwa heroini, mbio za mwanzo hufuata zaidi kiasi cha hiyo asetilimofini ubongoni. Baadaye ini huibandika mofini sukari, na hapo ndipo watu na panya wanapoachana. Sisi tunapata mabaki mawili, M3G na M6G; panya anatengeneza M3G, ambayo haitulizi maumivu. M6G hana, ila ukimchoma nayo anakimbia vilevile. Kwetu M6G hutuliza maumivu na kuleta usingizi, na figo zikiwa mbovu hurundikana mpaka pumzi inapungua. Kwa hiyo ukisikia dawa "imejaribiwa kwa panya", uliza kwanza kama mabaki yake kwa panya na kwa watu ni yaleyale. Mdogo wako akiwa hazinduki na anapumua kwa kusuasua, mkimbize hospitali: naloksoni, dawa ya kuzindua, huusukuma unga utoke kwenye vipokezi, yaani sehemu za ubongo ulikoshikilia.

*Sisi bodaboda tunatumia tramado kuondoa uchovu. Nayo ni hivyohivyo? Nachingwea*

Ndiyo. Ini huigeuza kuwa kitu kikali kuliko yenyewe, na maini ya wengine hufanya hivyo upesi mno, bila wao kujua. Tena tramado inaweza kuleta degedege. Ukiwa juu ya pikipiki, kijana wangu?