Fraktali zinazofanana na vitu vya asili: niliyojifunza mwenyewe

Mdau ameuliza hivi: ana miezi kadhaa anatengeneza picha za fraktali kwenye kompyuta, yaani maumbo ambayo kila kipande kidogo kinafanana na umbo zima, anataka ziwe na sura ya majani, mizizi na maganda ya konokono, lakini kila akimaliza anaona mapambo tu, mizunguko inayong'aa isiyo na uhai. Ile ya mizizi ndiyo imemshinda kabisa. Anauliza kama ahame programu.

Mkuu, usihame. Mimi nilianza na Apophysis, nikaenda Ultra Fractal, leo kazi zangu nyingi ziko JWildfire, na kasoro hiyo hiyo unayoisema niliihamisha nayo kutoka moja hadi nyingine.

Mwaka wangu wa kwanza wote uliishia kwenye seti ya Mandelbrot, ile fraktali maarufu. Kanuni yake ni fupi mno: chukua namba, izidishe kwa yenyewe, jumlisha namba isiyobadilika ambayo kila pikseli (nukta ya picha) ina yake, kisha matokeo yarudishe mwanzo. Ikifika umbali unaozidi 2 kutoka sifuri imetoroka, na rangi ya pikseli hutokana na idadi ya marudio kabla ya kutoroka. Nilizama ndani na kuzama tena, nikiamini uzuri uko chini zaidi. Usiku mmoja niliiacha kompyuta ikichora mpaka asubuhi, nikaamka nikakuta miraba mitupu. Hesabu za kawaida za kompyuta hubeba tarakimu 16 hivi. Ukikuza picha mara trilioni kumi, pikseli mbili jirani zinapewa namba moja. Dawa ipo, programu nyingi sasa zinaweza kutumia tarakimu nyingi zaidi. Lakini asubuhi ile nilijiuliza hasa nilikuwa natafuta nini huko chini, nikakosa jibu.

Kilichonigeuza ni jani la kangaga. Nililiweka mezani nikalichora kwa penseli, polepole, karibu saa nzima. Jani kubwa limegawanyika kuwa majani madogo, kila dogo limegawanyika tena, kisha kwenye kingo kuna meno meno, basi. Limeishia hapo. Fraktali ya hesabu haina mwisho, ila mmea unao, kwa sababu seli ina ukubwa wake na haigawanyiki kuwa kitu kidogo kuliko seli. Halafu upande wa kushoto haukulingana na wa kulia. Ncha moja ilikuwa imeliwa na mdudu, na jani zima liliinama kidogo kana kwamba linasikiliza. Picha zangu hazikuwa na lolote kati ya hayo.

Ukitaka kuliona hili kwa mikono yako, anza na kangaga la mwanahisabati Michael Barnsley. Ni kanuni nne tu, na kila hatua kompyuta inachagua moja kwa bahati nasibu. Moja inachora kikonyo, nayo hupewa asilimia 1. Mbili zinachora jani la kwanza la kushoto na la kulia, asilimia 7 kila moja. Iliyobaki, yenye asilimia 85, inachukua jani zima, inalipunguza hadi kama 0.85 ya ukubwa wake, inalipandisha juu na kuliinamisha kidogo. Kuinama huko kunatokana na namba 0.04. Ifanye sifuri, jani linasimama wima kama fito. Ipandishe hadi 0.10, linajikunja kama kangaga changa linalochipua. Nilikaa wiki mbili na namba hiyo moja, na zilinifaa kuliko mwaka mzima wa kuzama. Ukishaizoea, zipe kanuni za kushoto na kulia namba zisizolingana, kisha kwenye kanuni mojawapo ongeza ukungu kidogo ili vitu vidogo kabisa viyeyuke badala ya kuendelea kukatwa kama kwa wembe. Hapo ndipo jani linaanza kupumua.

Sasa mizizi yako. Nadhani unailazimisha itoke kwenye mizunguko ya seti za Julia, ndugu za ile ya Mandelbrot, nayo haitoki huko. Mzizi ni kitu kinachokua, kwa hiyo tumia kanuni za ukuaji. Aristid Lindenmayer, mwanabiolojia, alizibuni mwaka 1968 kueleza jinsi mimea sahili inavyoongeza seli: herufi moja inabadilishwa kuwa mfuatano wa herufi, na kila herufi ni amri, nenda mbele, geuka, toa tawi. Marudio manne au matano yanatosha. Wengi hapa huharibu kwa kutumia pembe moja kila mahali. Mimi natumia nyuzi 25 kama msingi, kisha kila tawi naliachia lipotoke hadi nyuzi 6 upande wowote. Unene nao una kanuni yake ya zamani, Leonardo da Vinci aliiona kwenye miti: ukiyakata, maeneo ya mikato ya matawi yakijumlishwa ni sawa na eneo la mkato wa shina yalikotoka. Shina likigawanyika mara mbili sawasawa, kila tawi lipewe kipenyo cha 0.7 hivi ya shina, siyo nusu. Nusu ndiyo inayofanya mti wako uonekane umechorwa kwa waya.

Kwa vichwa vya alizeti sitasema mengi. Weka kila mbegu nyuzi 137.5 baada ya iliyotangulia, na umbali kutoka katikati ukue kwa kipeuo cha pili cha namba yake, yaani kwa mzizi wa mraba. Jaribu nyuzi 137 kamili uone jinsi mbegu zinavyojipanga mistari na kuacha mianya. Nusu nyuzi tu.

Rangi ndiyo ninayogombana nayo na watu kila siku. Ile ngazi ya rangi za upinde wa mvua inayokuja na programu, ifute kabla hujaanza. Piga picha ya kitu chenyewe, gome, jani kavu, jiwe lenye kuvu, chukua humo rangi nne au tano, basi. Kama rangi zinakaa kwa mikanda, washa upakaji laini unaotumia logarithimu badala ya kuhesabu marudio kwa namba nzima. Na kwenye fraktali za miali, zile alizobuni Scott Draves mwaka 1992, mwanga hupimwa kwa logarithimu ya idadi ya nukta zilizotua kwenye pikseli, ndiyo maana sehemu hafifu hazipotei. Usizizime kwa kukoleza weusi. Huo uhafifu ndio unaoleta ukungu wa asubuhi, na mimi naupenda kuliko sehemu zinazong'aa.

Weka hapa ile picha ya mizizi pamoja na vigezo vyake. Nitaifungua kwangu, nianze na pembe.