Noah imemaliza matairi ya mbele kabla ya wakati: ninunue Mchina, Mjapani au mtumba?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Noah ya mwaka 2004. Naitumia kupeleka watoto shule hapa Morogoro, na kila mwisho wa mwezi nashuka nayo Dar. Matairi yake ni 195/65R15. Miezi kumi na minne iliyopita nilifunga manne mapya, nimetembea kama kilomita 22,000, na yale mawili ya mbele sasa yamekwisha kabisa upande wa ndani. Ya nyuma bado yana kashata nzuri, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara. Nimeulizia bei Kariakoo nikachoka: Mchina mpya 130,000 kwa tairi moja, la Kijapani 280,000, la mtumba 60,000. Mume wangu anasema tuchukue ya mtumba kwa sababu yametoka Japani. Wewe unashauri nini? *Mama wa watatu, Morogoro.*

Jibu: Salama dada, poleni na bei. Kabla hatujachagua kati ya hayo matatu, nakuomba usinunue lolote kwanza.

Umesema matairi ya mbele yamekwisha upande wa ndani. Hapo ndipo pesa yako inapopotelea, kuliko hata dukani. Tairi linaloisha sawasawa upana wake wote limefanya kazi yake mpaka mwisho. Linaloisha upande mmoja, na huku upande wa pili bado una kashata, limekuwa likiburuzwa barabarani badala ya kuviringika. Mara nyingi magurudumu ya mbele yanakuwa yameachana kidogo kwa mbele, kila moja linatazama nje kama nyayo za bata. Ukiendesha huoni kitu, usukani unaweza hata kuwa umenyooka, lakini ukingo wa ndani unasagwa kila mita unayotembea. Ukifunga la 280,000 juu ya tatizo hilo, litasagwa vilevile.

Jipime mwenyewe nyumbani. Zima gari, vuta handibreki, kata usukani mpaka mwisho ili tairi la mbele litokeze. Weka kiganja juu ya kashata, ukipitishe taratibu kutoka nje kwenda ndani, kisha ukirudishe. Kama njia moja ni laini na njia ya pili inakwaruza kiganja kama msasa, hiyo ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka yanakotazama. Ukikuta ukingo umelika lakini kiganja hakikwaruzwi popote, gurudumu huenda limelala, yaani limeinama kwa juu kuelekea ndani, na hapo mwambie fundi aangalie springi, shokapu na bushi (zile mpira za kwenye viungio).

Ukienda gereji, hakikisha gari linapigwa jeki kabla ya kupandishwa kwenye mashine. Fundi ashike gurudumu kushoto na kulia, alitikise. Likicheza, taironendi, kile kiungo cha usukani kwenye gurudumu, imechoka. Kisha ashike juu na chini, atikise tena. Likicheza hapo, ni boljointi au beringi. Halafu achukue mtaimbo azibinye bushi za mkono wa chini, aone kama mpira umepasuka. Naomba ulisimamie hilo mwenyewe, kwa sababu kuna watu wanauza alaimenti juu ya bushi zilizokufa. Mashine inaonyesha namba nzuri, unalipa, unafika mzunguko wa kwanza bushi inasogea na vipimo vinarudi vilikokuwa. Vifaa vilivyochoka vibadilishwe kwanza, alaimenti ije mwisho. Gharama ya alaimenti yenyewe haifiki nusu ya bei ya tairi moja jipya, na wewe tayari umepoteza mawili.

Sasa bei. Siyo kwamba wauzaji wote wamekuwa na roho mbaya. Tairi la gari dogo linaagizwa nje. Kiwanda cha General Tyre kule Arusha kimesimama tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na cha Sameer jijini Nairobi, kilichokuwa kinatoa Yana, kilifungwa mwaka 2016. Tunanunua kwa dola, na mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,600. Juu yake kuna meli, ushuru, na VAT ya asilimia 18. Mpira wenyewe, ule wa asili unatoka zaidi Thailand na Indonesia, na ule wa kutengenezwa unatokana na mafuta, kwa hiyo mafuta yakipanda na tairi linapanda. Hakuna kati ya hayo ambalo mimi au wewe tunaweza kulishusha. Tunachoweza ni kujua tunanunua nini hasa.

Unaponunua tairi unanunua kina cha kashata. Tairi jipya la saizi yako huwa na milimita 8 hivi. Likifika 1.6 ndiyo mwisho, na ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira vilivyowekwa kiwandani kukuonyesha hapo; kashata ikilingana na kinundu, tairi limekwisha. Kwa hiyo kina unachokitumia ni milimita 6.4. Mchina wako wa 130,000, ukigawanya, ni kama shilingi 20,300 kwa kila milimita.

Chukua sasa la mtumba la 60,000. Mengi ninayoyapima yana kina cha milimita 4 mpaka 5. Tuseme 4.5. Ukitoa 1.6 zinabaki 2.9, na 60,000 ukigawanya kwa 2.9 unapata karibu 20,700. Umeona? Milimita moja ya mtumba imekugharimu zaidi kidogo ya milimita ya tairi jipya, na hapo hujahesabu kwamba utalipia kufunga na kubalansi mara mbili ndani ya muda uleule. Huhitaji kipimo cha dukani kulijua hilo. Nenda na njiti ya kiberiti na rula ya mtoto. Simamisha njiti ndani ya mfereji, weka kucha usawa wa kashata, itoe uipime. Pima katikati na kingo zote mbili, uchukue kipimo kidogo kuliko vyote.

Mumeo hajakosea kwamba Japani wanatengeneza tairi zuri. Ila aangalie ni tairi la nini. Matairi mengi yanayoletwa na magari ya mtumba ni ya majira ya baridi, ya kutembea juu ya theluji na barafu. Ubavuni yameandikwa STUDLESS, au yana alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji ndani yake, na kashata zake zimejaa vikato vyembamba kama vya wembe. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike kwenye baridi. Kwenye lami ya Chalinze saa saba mchana mpira huo unalainika zaidi, gari linayumba kwenye kona, na kashata inaisha haraka mno. Mtu anaona "Made in Japan", anafurahi, kumbe amenunua viatu vya theluji.

La pili ni umri. Tafuta ubavuni neno DOT, ufuate mstari wake mpaka tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo ukizikosa upande wa nje geuza. Zikiwa zimekwanguliwa, liache hapohapo. Mimi tairi likishapita miaka sita silifungi kwenye gari la watoto, hata liwe na kashata za kupendeza, na watengenezaji wengi wanasema miaka kumi ndiyo mwisho hata kama halijaisha. Mpira hukauka na kupasuka nyufa ndogo, na nyuzi za ndani huachia gari likiwa kwenye mwendo.

Na kama mtakuwa hamna njia ila mtumba, msikubali tairi lililokwisha kuvalishwa kwenye rimu. Litolewe, mmulike ndani kwa tochi. Mkiona unga mweusi wa mpira, au mstari wa mkunjo unaozunguka ubavu, tairi hilo lilitembezwa bila upepo na ubavu wake umekufa. Kagua pia kama kashata zimechongwa. Mifereji iliyochongwa kwa kisu haina vile vinundu vya kiwandani, na kingo zake hazijanyooka. Tairi la gari dogo lililochongwa lina mpira mwembamba sana juu ya waya, na waya hizo ndizo zinazokubeba wewe na watoto.

Kwa hiyo tumebaki na Mchina na Mjapani. Kwa hesabu ileile, la 280,000 ni shilingi 43,750 kwa milimita. Kwa uzoefu wangu linadumu kuliko la Kichina la bei ya chini, lakini si mara mbili, kwa hiyo kwa kilomita peke yake halijilipi. Panapotofautiana sana ni kwenye breki ya mvua, na wewe unashuka Dar hata masika. Ndiyo maana huwa napendekeza njia ya katikati, ambayo muuzaji hakukutajia kwa sababu hukumuuliza. Kampuni za Japani zina viwanda nje ya Japani: Bridgestone na Dunlop wanatengeneza Indonesia na Thailand, Yokohama wapo hadi Ufilipino. Uliza, "La Indonesia lipo? La Thailand?" Kwa kawaida utalikuta chini ya lile la Japani kwa kiasi cha kutosha. Likikushinda, chukua Mchina, lakini wa kampuni kubwa inayojulikana duniani, kama Linglong, Triangle, Sailun au Westlake, usichukue jina ambalo hata muuzaji analisoma kwa mara ya kwanza. Tafuta pia ubavuni neno TREADWEAR na namba yake. 400 inatarajiwa kudumu kuliko 300. Namba hiyo anaitoa mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja, na usishangae ukiikosa kwa sababu si kila tairi linayo.

Usikubali kubadilishiwa saizi ili bei ishuke. Baada ya 195/65R15 kuna namba nyingine, kwako mara nyingi ni 91. Hiyo ni uzito: tairi moja linabeba kilo 615. Atakayekuambia "185 inaingia tu, dada" anakupa tairi la 88, yaani kilo 560. Kwa matairi manne umepoteza kilo 220, sawa na watu wazima watatu, na Noah ni gari la kujaza watu.

Nunua mawili tu, ya aina moja, kwa kuwa ya nyuma bado ni mazima. Haya mapya yafungwe nyuma, na yale ya nyuma yaende mbele. Najua fundi atakubishia, karibu kila mtu anaamini jipya linakaa mbele. Mwambie hivi: tairi la mbele likiteleza kwenye maji unalisikia mkononi, unapunguza mwendo na gari linarudi. La nyuma likiteleza, mkia unakupita na usukani haukusaidii kitu. Baadaye, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, uyazungushe mbele na nyuma, maana magurudumu ya mbele ya Noah yako yanavuta, yanakata kona na yanabeba breki nyingi kwa wakati mmoja.

Siku ya kufunga waweke valvu mpya na wabalansi. Upepo usimwachie kijana wa mtaani anayejaza 40 kila gari linalopita. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko cha Kijapani chenye vipimo vya upepo kwa kPa. Gawanya kwa 6.9: ukikuta 240, ni karibu 35 za kwenye geji zetu. Jaza asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, na ununue geji yako uiweke kwenye gari. Ukishafika kilomita 50 hivi simama pembeni, uzikaze nati zote tena kwa spana ya gari, kwa mkono, bila kuikanyaga kwa mguu.