Mama anaanguka, lakini magoti ni mazima

SWALI: Mama yangu ana miaka 74, tunaishi Tukuyu. Masika haya ameanguka mara mbili: akitoka bombani na ndoo huku akipiga soga na jirani, na akipokea simu uani. Picha ya magoti haina shida. Ila siku hizi anasahau dawa na chenji inampiga chenga. Vinahusiana?

JIBU: Vinahusiana sana. Ubongo, hasa sehemu ya mbele, ndio unaopanga hatua na kugawa umakini. Uwezo huo ukipungua, mtu hutembea vizuri akiwa kimya, lakini akipewa kazi ya pili hatua zinafupika, zinapishana ovyo na unyayo haunyanyuki vya kutosha. Kwenye utelezi wa Tukuyu hilo linatosha kumwangusha. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa wazee wanaosimama kila wakisemeshwa njiani ndio walioanguka zaidi miezi iliyofuata.

Mpime nyumbani. Weka kiti imara, pima mita 3 kwa tepu, chora mstari. Akiwa na viatu vyake vya kila siku ainuke, aende kwa mwendo wake, ageuke, arudi aketi. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari. Kisha arudie huku akihesabu kutoka 100 akitoa 3 kila mara. Kama hesabu hazipendi, ataje vitu vya sokoni. Kaa karibu naye uweze kumdaka, ila usimshike mkono, maana utaficha tatizo. Kupunguza mwendo kidogo ni kawaida hata kwa vijana. Kusimama kabisa ili afikiri, au kuyumba anapogeuka, si kawaida.

Peleka majibu hayo kliniki pamoja na dawa zake zote. Diazepamu ya usingizi, amitriptilini ya sonona au maumivu, hata Piriton ya mafua, huzubaisha akili na miguu, msizikatishe wenyewe. Omba apimwe presha akiwa amelala, halafu dakika 1 na 3 baada ya kusimama: namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, hapo pana sababu nyingine ya kuanguka. Waulize pia kipimo cha kumbukumbu, vitamini B12 na macho.

Mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu yafanyike dakika 30, mara 3 kwa wiki, mkono karibu na meza: kuinuka kitini, kusimama kisigino mbele ya vidole. Akiimarika ndipo aongezewe maongezi. Kwa sasa ndoo iwe nusu, ndala zibaki ndani, simu ipokelewe ameketi. Jirani naye aambiwe, soga zisubiri wafike tambarare.

Akigonga kichwa, mwangalieni kwa wiki kadhaa. Kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja: hospitali siku hiyohiyo.