Bibi wa Darubini Anajibu: Vipimo Safi, Mimba Haishiki

SWALI: Shikamoo Bibi. Tuna miaka 4 kwenye ndoa, mtoto hatujapata. Mume wangu alipimwa mara moja, akaambiwa mbegu ni milioni 48 kwa mililita na nyingi zinakwenda mbele. Mirija yangu iko wazi. Mama mkwe anasema damu zetu hazipatani. Je, mbegu inaweza kulifikia yai ikashindwa kuingia? – Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inaweza, ingawa si jambo la kukimbilia.

Miaka 26 nilikaa maabara nikihesabu mbegu kwenye kioo chenye vijumba, jicho kwenye darubini, kidole kwenye kihesabio. Niliziona zinazokimbia, zinazozunguka palepale, hata zenye vichwa viwili. Ngozi ya mbegu sikuiona hata siku moja, maana darubini yetu haifiki huko. Basi ile karatasi ya mumeo inakueleza safari tu. Ya mlangoni haiyajui.

Kichwani mbegu ina kifuko kama kofia. Kofia hiyo hupasuka mbegu inapokaribia yai, na hapo ndipo protini iliyokuwa imefichika chini yake inapojitokeza juu. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Osaka waliitambua mwaka 2005, wakaiita Izumo, jina la hekalu ambako watu kwao huenda kuombea ndoa. (Nililipenda jina hilo kuliko namba tulizozoea.) Walipofuga panya wasio nayo, madume yalikuwa na mbegu za kawaida kabisa: zikaogelea, zikatoboa ganda la yai, kisha zikabaki zimeligusa yai bila kuungana nalo. Wataalamu walipozichoma mbegu hizohizo ndani ya yai kwa sindano, watoto wa panya walizaliwa.

Yai nalo lina mwenzake wa Izumo. Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, wakiwemo Enrica Bianchi na Gavin Wright, walimpata, wakamwita Juno, mungu wa ndoa wa Warumi wa kale. Panya jike asiye na Juno hashiki mimba. Tena mbegu ya kwanza ikishaingia, yai la panya huzivua Juno zake zote kwa dakika 40 hivi. Mlango unang'olewa pamoja na bawaba, waliochelewa hawana pa kubisha.

Mwambie mama, kwa adabu, kundi la damu halimo katika habari hii.

Kwa kawaida hospitali hazipimi protini hizi, wala usianze kuuliza Izumo dirishani. Muone daktari wa wanawake ahakikishe kwanza kama yai linapevuka kila mwezi. Mkifika kwenye upandikizaji wa mimba, na mbegu zikawekwa pamoja na mayai zisiungane nayo, ipo njia ya kuchoma mbegu moja ndani ya yai; watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Brussels mwaka 1992.

Na mumeo arudie kipimo, kimoja hakitoshi. Akae siku 2 hadi 7 bila tendo. Akichukulia nyumbani, chombo akibebe ndani ya shati, kigusane na mwili, kifike maabara kabla ya saa moja kuisha. Mimi nimewahi kuletewa kilicholala kwenye friji, karibu na maziwa.