Siri ya binti niliyoitoa mimi

Juzi muuguzi anayeanza kazi ameniandikia. Binti wa miaka 15 amemwomba sindano ya uzazi wa mpango, akamsihi mama yake asijue. "Dada, nifanye nini?" Swali hilo mimi niliwahi kulijibu vibaya.

Binti aliyenijia mimi alikuwa na miaka 16. Alitaka vidonge. Nilimweleza namna ya kuvimeza, nikamwahidi siri. Baada ya siku mbili mama yake, mtu ninayemheshimu sana, aliniuliza kama binti anaumwa, maana ameonekana kwenye kituo chetu cha afya. Nikamwambia yote. Nilijitetea moyoni kwamba mzazi ana haki ya kujua. Ukweli ni kwamba nilitaka mama yule anione mwema. Binti hakurudi kuchukua vidonge. Miezi ikapita, nikamkuta kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito. Aliponiona, akahamia kwa mwenzangu. Nimezalisha wengi na kushukuriwa na wengi, lakini binti yule kunipa mgongo bado kunaniuma.

Baadaye ndipo nikaisoma kesi ya Gillick ya Uingereza, ya mwaka 1985. Majaji watatu kati ya watano waliona kuwa daktari anaweza kumhudumia binti wa chini ya miaka 16 bila ridhaa ya mzazi, mradi binti anaelewa anachokiomba. Jaji Fraser aliongeza masharti, na mojawapo ni kwamba daktari awe ameshindwa kumshawishi binti amwambie mzazi. Amshawishi! Mimi nilimruka binti, nikaenda kusema mwenyewe.

Sasa wewe mdogo wangu. Soma sheria ya nchi yako kwanza, hazifanani. Funga mlango. Kabla binti hajafungua mdomo, mwambie mpaka wa siri: akilazimishwa, au mtu mzima akimtumia kingono, hutaweza kunyamaza. Usiahidi usichoweza kutimiza. Kuhakikisha hakuna anayemsikia pale mapokezi, hilo pia ni kazi yako. Sote tuliingia kazi hii tuaminiwe, na anayeogopa kusemwa hatakuja hata siku anapohitaji vidonge vya dharura, na vile vinavyotumika zaidi vinatakiwa ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana, tena mapema ndivyo vizuri.

Mshawishi azungumze na mama. Akikubali, jitolee kukaa nao. Akikataa, na mama akakuuliza, mjibu kwa heshima: "Mama, habari za wagonjwa sizitoi. Zungumza naye mwenyewe."